Bakuli la Deni

Kabla jogoo wa Mama Eliaichi hajawika la pili
nimeshaloweka dagaa maji mawili,
mchanga umetuama chini ya karai,
chumvi imetoka, macho yao yananitazama.
Deni amelala kizingitini, kidevu juu ya kandambili yangu.
Hainuki upesi siku hizi.
Huinua kwanza mbele, akapumzika,
kisha nyuma, kama kuli mwenye gunia la mwisho.

Jina lake si tusi.
Mzee Ndelilio alishindwa kunilipa mahindi debe nne,
akaniletea kitoto cha mbwa, tumbo ngoma kwa minyoo,
akasema, "Basi, tumemalizana."
Hatukumalizana.
Mwaka wa kumi na mbili huu, anayelipa ni mimi.

Mizani hii ni ya kahawa.
Nilikaa nayo ghalani miaka ishirini na tisa
nikipima jasho la watu wa Uru na Kibosho.
Siku ya kustaafu wenzangu walichukua saa za ukutani;
mimi niliomba mizani, sahani yake imebonyea.
Sasa inapima maini, kipande cha kidole gumba tu,
maana maini nayo yakizidi hugeuka sumu;
malenge, mchicha kiganja,
dona ya kushika mchuzi, si ya kujaza tumbo.
Dagaa ndio wengi: mafuta yao, naambiwa, hulainisha magoti.
Kitunguu hakiingii.
Mfupa wa kuku uliopikwa hauingii kamwe:
mmoja kama huo ulimchana utumbo Popi wa jirani,
nikamshika kichwa mpaka kikawa kizito.

Karani, paka wangu, nilimkosea.
Ugali na maziwa, ugali na maziwa,
miaka miwili nikidhani ndio upendo,
hadi akaanza kugonga miguu ya meza mchana kweupe.
Daktari Kiangi alimmulika tochi, akakaa kimya, akasema,
"Mama, paka si mbwa mdogo. Huyu ni mla nyama.
Mpe mioyo."
Nilidhani ananipa pole.
Kumbe mioyo ya kuku, ile ya Mbuyuni,
inayouzwa kwa fungu, ikilaliwa na nzi.
Kilichopotea machoni hakikurudi.
Kilichobaki, kimebaki.

Mangi wa dukani hucheka hadi ashike kaunta:
"Mbwa wako anakula kumshinda shemeji yangu!"
Nami hucheka.
Ila siku moja nikikoroga sufuria,
mtoto alisimama getini, Godlisten, wa chumba cha nyuma,
akauliza, "Hicho ni cha nani?"
"Cha Deni."
"Deni ni nani? Naye hajala tangu jana?"
Mwiko ulinishinda mkononi.

Tangu hapo mayai huchemshwa asubuhi.
Yai ni lake Godlisten.
Ganda ni la Deni: hulianika juu ya bati,
akalitwanga mwenyewe kinuni mpaka liwe unga,
mdomo bado una kiini.

Wanasema mbuzi hula urefu wa kamba yake.
Mbwa, nimeona, huishi urefu wa bakuli lake,
bakuli la mwaka huu na la miaka ile
alipokuwa anakimbiza pikipiki nami sikupima kitu.

Na hili sijamwambia hata padri.
Mizani hii hupunja.
Kidogo tu, punje za kiganja kimoja,
nilijua tangu mwaka wa pili,
nikanyamaza, wakulima wakasaini.
Ukipima chakula, kasoro ile ile hugeuka nyongeza:
mshale ukisema basi, sahani ina zaidi.
Fundi wa Majengo alitaka kuirekebisha, elfu tano.
Nilimwambia aiache.

Deni anainua mbele. Anapumzika.
Namsubiri, bakuli mkononi, linapoa.